Skonzi za Sidsel

Waliosema mtoto ni baraka hawakusema uongo, ila yaelekea walisema wakiwa wamelala vizuri. Maiken hakuwa amelala vizuri tangu Viggo azaliwe mwezi wa sita, na sasa ilikuwa Februari, mvua iliyochanganyika na theluji inaudondokea mji wa Odense kutwa kucha. Viggo alikuwa na meno mawili chini na la tatu njiani, na kila jino lilikuja na vita vyake. Usiku aliamka, akalia, akanyonya mara mbili, akakumbuka kwamba hakutaka kunyonya, akalia tena. Mchana hakukubali kulala ila kigari chake kisukumwe. Ukisimama tu anafungua macho, anakutazama kama bosi aliyemkuta mfanyakazi amekaa.

"Mwenzio Troels alikuwa analala kama gogo," mama mkwe wake alimwambia kwenye simu. "Nilikuwa namweka nje asubuhi, namsahau mpaka saa ya chakula."

Troels, mumewe, alikuwa bado analala kama gogo. Alikuwa dereva wa treni, na dereva wa treni hawezi kwenda kazini macho mekundu. Hilo walikubaliana tangu mwanzo, na lilionekana la busara wakati ule, mtoto akiwa bado tumboni na kila mpango unaonekana wa busara. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wahenga walilijua hilo bila kuambiwa na nesi.

Uchovu wenyewe Maiken alikuwa ameuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kilichomtisha ni Jumanne.

Jumanne ile Viggo alilia kuanzia uji wa asubuhi. Maiken alimbeba, akamwimbia, akampa chupa, akambadilisha nepi iliyokuwa kavu. Kisha akajikuta amemshika mbavuni kwa nguvu kupita kiasi. Hakumtikisa. Hakumfanya lolote. Lakini mikono yake ilikuwa imepata wazo, naye aliiona ikilipata. Akamlaza kitandani kwake, akafunga mlango wa chumba, akafunga na mlango wa fleti, akaenda kukaa kwenye ngazi za jengo, mikono ameibana katikati ya magoti. Alimsikia mtoto akilia kupitia milango miwili. Hakurudi mpaka kilio kilipokwisha.

Hakumwambia mtu. Odense nzima kila mmoja anamjua mtu anayemjua mtu aliyeripotiwa manispaa: nesi anaambiwa, afisa wa ustawi anabisha hodi, anafungua friji, anauliza maswali kwa sauti ya upole. Upole ule ndio Maiken aliouogopa kuliko kelele. Aliogopa kunyang'anywa Viggo. Na kuna nyakati, akisukuma kigari kuzunguka makaburi ya mtaani, mvua inamwingia shingoni, aliogopa kwamba wakimnyang'anya atawashukuru.

Kwa hiyo Ijumaa, siku ya wenzake, nusura asiende. Wenzake walikuwa Bolette na Sidsel. Waliunganishwa na Kirsten, nesi wa watoto wa manispaa, kama wanavyounganishwa wazazi wote: mmezaa wakati mmoja, mnakaa mtaa mmoja, basi kutaneni kila wiki mnywe kahawa, nyumba hadi nyumba. Hakuna anayeuliza kama mnapendana. Mwanzoni walikuwa watano. Mmoja alihama, mmoja alirudi kazini, wakabaki hao watatu.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Sidsel, na nyumba ya Sidsel ilikuwa ghorofa ya nne, safi, yenye harufu ya iliki. Sidsel alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, nywele zake zimekaa zilipoambiwa zikae. Mtoto wake, Alma, alilala kwa saa mbili kila mchana bila kusukumwa na mtu. Na kila zamu yake ilipofika Sidsel aliwawekea skonzi alizooka mwenyewe, za moto, zimefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Kitambaa chenyewe kilimuudhi Maiken kuliko skonzi.

"Shoga, sweta umeligeuza," Bolette alimpokea mlangoni. Bolette alikuwa mnene, mcheshi, ana mtoto wa tatu sasa, na hakuwa na habari na kitana.

"Najua," Maiken akadanganya.

"Afadhali wewe. Mimi juzi nimeshuka dukani na kandambili moja ya mume wangu na moja ya mwanangu. Mwenye duka akaniuliza kama nimeamka salama."

Watoto waliachwa uani, ndani ya vigari, vimepangwa chini ya paa la baiskeli. Walifunikwa mifarishi na kofia za sufu mpaka pua tu ndiyo ilionekana, kama walivyolala mama zao na bibi zao, baridi au si baridi. Ndani ya kila kigari kulikuwa na kiredio cha kurushia sauti ya mtoto, kimefungwa pembeni, na cha pili cha kuipokea kilipanda na mama ghorofani. Vile vitatu vya akina mama vilikaa mezani kati ya siagi na jamu, kila kimoja na taa yake ya kijani. Ukitega sikio unasikia watoto wakipumua.

"Sikiliza anavyokoroma wangu," Bolette alisema, akakisogeza chake karibu na sahani. "Baba yake mtupu. Nikifumba macho najiona niko kitandani na mwanamume, na sitaki."

Sidsel alicheka kwa heshima, akamsogezea Maiken skonzi. "Viggo vipi, analala sasa?"

"Anajitahidi," Maiken akasema.

Skonzi ilikuwa laini na ya moto, siagi inayeyuka juu yake. Maiken alikula ya kwanza akakaribia kulia. Alijiuliza mtu anapata wapi muda wa kukanda unga. Yeye tangu Krismasi alikuwa hajapata muda wa kukata kucha za miguu. Aliutazama uso wa Sidsel ulionawa, akasema moyoni: huyu ndiye mama. Mimi nimeazimwa tu.

Ndipo taa ya kiredio chake ikageuka nyekundu na sauti ya Viggo ikajaa meza nzima.

"Kaa unywe kahawa yako, nitashuka mimi," Sidsel akasema.

"Hapana, hapana. Atanitaka mimi."

Alishuka ghorofa nne ameshika ukuta. Uani baridi ilimpiga masikio. Viggo alikuwa amejipindua ndani ya mifarishi, uso mwekundu, kofia imemfika puani. Maiken akamweka sawa, akashika mpini wa kigari, akaanza: mbele, nyuma, mbele, nyuma, juu ya mawe ya ua. Kilio kikapungua. Alipoacha kusukuma, kikaanza upya.

Basi akainama juu ya kigari na kusema, wala si kwa hasira.

"Nimechoka na wewe, Viggo. Nisamehe, lakini nimechoka na wewe. Sijui unataka nini. Jumanne nilikufungia ndani nikaenda kukaa kwenye ngazi, unakumbuka? Nilikuacha unalia kwa sababu niliiogopa mikono yangu. Mama gani anaiogopa mikono yake? Ningempata wa kumpa, ningempa. Wiki moja tu akuchukue, nilale, halafu akurudishe. Na sina hakika ningekufuata. Umesikia? Sina hakika."

Viggo alikuwa amenyamaza anamtazama, mate yanamtoka. Kisha, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akafumba macho akalala, kigari kikiwa kimesimama.

Maiken alibaki hapo kidogo, hathubutu kusogea. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika. Alipokunja ule mfarishi vizuri ndipo mkono wake ukagusa kile kidude cheupe kilichofungwa pembeni mwa kigari. Taa yake ilikuwa inawaka.

Miezi minane kilikuwa hapo. Alikuwa amekisahau kama anavyosahau pua yake.

Alipanda zile ngazi polepole. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya Bolette, kubwa kuliko desturi yake, na desturi yake ni kubwa. Alikuwa anasimulia habari ya mjomba wake aliyepoteza meno ya bandia baharini. Sidsel alikuwa amesimama anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Na kiredio cha Maiken, alichokiacha kando ya siagi, sasa kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, kimegeuziwa ukutani, sauti imepunguzwa mpaka mwisho.

"Amelala?" Sidsel aliuliza, hamtazami.

"Amelala."

"Vizuri. Chukua skonzi nyingine."

Maiken akaichukua. Waliongea juu ya nepi, juu ya vituo vya watoto, juu ya foleni ya vituo vya watoto. Hakuna aliyemuuliza neno. Akasema ana miadi, akashuka, akamsukuma Viggo nyumbani. Alipita makaburini mara mbili bila kujua.

Jioni alimwambia Troels, au alimwambia nusu. Alisema alimlalamikia mtoto, wenzake wakasikia kwenye kiredio.

"Walisema nini?" Troels aliuliza, anasuuza chupa.

"Hawakusema kitu."

"Basi si wamenyamaza? Mtu akinyamaza ujue yamekwisha."

"Troels, watu wanaoripoti huwa wananyamaza."

"Nani akuripoti, wewe! Kwa kosa gani, kuchoka?" Alicheka, akambusu kisogoni, akaenda kulala, maana alfajiri alikuwa na treni ya kwenda Fredericia. Maiken alibaki ameshika taulo ya vyombo. Ile nusu nyingine, ya ngazi na mikono, ilikuwa imefika kooni ikarudi chini.

Jumatatu Kirsten akapiga simu. Angependa kupita Jumatano, kama haitakuwa tabu.

"Kuna nini?" Maiken akauliza.

"Kumwona kijana wetu tu," Kirsten akasema, kwa upole.

Ule upole. Maiken alikata simu. Alisafisha fleti kama anayesubiri ugeni wa mfalme. Aliosha friji, akatupa mtungi wa kachumbari ya bitiruti uliokuwa umeota ukungu, akapanga nguo za Viggo kwa rangi, kitu ambacho hajawahi kukifanya hata kwa nguo zake. Usiku mtoto akilia alimrukia kabla hajafungua kinywa vizuri, majirani wasisikie. Alijiuliza ni nani kati ya wale wawili. Bolette mdomo wake hauna mlango, lakini hana hila. Sidsel, basi. Sidsel anaamini utaratibu. Sidsel atakuwa amepiga simu kwa nia njema, kalamu mkononi.

Jumatano Kirsten alikuja na mizani yake, akavua viatu, akakaa sakafuni na Viggo. Viggo, msaliti, alicheka muda wote. Alikaa wima bila kushikwa, akakamata kijiti cha mkate mweusi wa rai uliopakwa maini ya kusaga, akakitia mdomoni, jichoni na nyweleni. Uzito mzuri, urefu mzuri.

"Na wewe, Maiken?" Kirsten aliuliza, anafunga mkoba. "Unalala?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Angeweza kupita. Alimwona yule mama wa makamo, soksi zake zimetoboka kidole gumba, uso wa kuaminika kabisa, akafungua kinywa.

"Nalala," akasema. "Kama gogo."

Kirsten alimtazama kidogo. "Simu yangu unayo," akasema, akavaa viatu. Na akiwa mlangoni akaongeza kwamba wataonana tena ziara ijayo, maana hii ya miezi minane sasa imekwisha.

Ya miezi minane. Ilikuwa imeandikwa kwenye kalenda jikoni tangu vuli, kwa mwandiko wa Maiken mwenyewe. Hakuna aliyeripoti. Alipaswa kufurahi, na alijisikia mpumbavu na mpweke, kwa sababu mtu alimuuliza kwa wema naye akafunga mlango kwa nguvu zake zote. Mficha uchi hazai, walisema wa kale, lakini Maiken alikuwa amekwisha kuzaa na bado anaficha.

Ijumaa zamu ikawa yake. Aliwaza kuwaambia Viggo ana mafua. Alishika simu, akaiweka. Hata uongo unataka nguvu. Akanunua skonzi za supamaketi zilizo ndani ya mfuko wa plastiki, akazipanga kwenye sahani, akaona aibu, akazifunika kitambaa. Kitambaa hakikupigwa pasi.

Alizunguka na Viggo mpaka akalala, akamrudisha uani, mwenyewe anapumua kwa tahadhari, akakiweka kigari chini ya dirisha la jikoni. Alikuwa amefika tu kwake, ghorofa ya pili, kengele ikalia. Ilikuwa mapema. Alikuwa Sidsel peke yake.

"Bolette atachelewa, amempeleka mkubwa wake kwa daktari wa meno," Sidsel alisema. Hakuvua koti. Nywele zake zilikuwa zimelowa na kukaa ovyo. Aliweka kiredio chake mezani, karibu kabisa na kikombe cha Maiken, akapandisha sauti mpaka juu. "Nimesahau kumfunga Alma mkanda. Nashuka mara moja."

"Haya."

"Usikizime," Sidsel akasema, akatoka.

Maiken alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha mlango wa ua. Kisha ndani ya kiredio, upepo. Kitu kikikwaruza mfarishi. Pumzi ya Alma, nzito na ya taratibu, pumzi ya mtoto asiye na deni na mtu.

"Alma," kiredio kikasema kwa sauti ya Sidsel. "Umelala, kwa hiyo tulia hivyo hivyo. Nataka kumwambia Maiken jambo, na nikimtazama usoni sitaweza. Unanijua mama yako."

Maiken alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini.

"Maiken, wiki ile tulisikia. Tulisikia yote, karibu mpaka mwisho, ndipo Bolette akaniambia zima hicho kitu, nikapunguza sauti. Hatukukucheka. Bolette akasema tumwache, akitaka atasema mwenyewe. Nikakubali haraka haraka, kwa sababu mimi ni mwoga."

Upepo ukavuma kidogo ndani ya kiredio.

"Desemba, wiki ya kabla ya Krismasi, nilikwenda kununua mkate pale kwenye kona. Alma alikuwa amelala, nikamwacha nje mlangoni na vigari vingine, kama kila siku. Ndani kulikuwa na foleni. Nilikuwa sijalala, Maiken. Alma mchana analala, ndiyo, mnamsifu, usiku hujamsikia. Nikanunua mkate wa rai na mikate midogo ya asubuhi. Nikatoka, nikaenda nyumbani. Nikapanda ngazi. Nikavua viatu, nikapika kahawa, nikakaa. Nikajisemea, leo kumetulia namna gani. Nikanywa kikombe kizima. Kizima, Maiken. Nikapaka mkate siagi. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu azaliwe. Kisha nikachukua kiredio nimsikilize mtoto, kikawa kinakwaruza tu, maana alikuwa mbali mno."

Sauti ilikatika. Maiken alisogea dirishani. Chini aliona kofia ya Sidsel, ya bluu, imeinama juu ya kigari, mikono miwili imeshika ukingo.

"Nilikimbia na soksi. Alikuwepo. Amelala. Theluji imejaa juu ya kigari. Bibi mmoja aliyesimama pale na mbwa wake akanitabasamia, akasema, mtoto huyu ana bahati, analala hewa safi. Nikamwambia asante. Kinachonitisha si kule kumsahau tu. Watu husahau. Ni ile raha. Mume wangu Kristoffer sijamwambia mpaka leo. Nesi aliniuliza kama nalala, nikamwambia vizuri sana. Na lile duka sijarudi. Ndiyo sababu naoka. Mnaniambia Sidsel hodari, Sidsel kila zamu skonzi za moto. Sidsel anaogopa duka la mkate."

Usione vyaelea, vimeundwa. Maiken alitazama skonzi zake za supamaketi chini ya kitambaa chenye mikunjo, akahisi kitu kinamfunguka kifuani kwa maumivu, kama maziwa yanaposhuka.

"Wewe ulimfungia mtoto ndani ukakaa kwenye ngazi," kiredio kiliendelea. "Mimi wangu nilimwacha barabarani nikaenda kunywa kahawa. Kama kuna wa kupelekwa manispaa, twende wote tushikane mikono. Basi. Nasikia baridi, na kuna mzee wa ghorofa ya kwanza ananichungulia naongea na kigari. Weka kahawa. Nakuja."

Maiken aliweka kahawa. Aliimwaga nusu yake mezani kwa sababu haoni kwa machozi, akaiacha hapo hapo. Sidsel alipoingia alivua viatu kwanza, akavipanga sambamba, mkono haukujua la kufanya na koti. Wakatazamana. Si watu wa kukumbatiana ovyo.

"Nilimwambia Kirsten nalala kama gogo," Maiken akasema.

"Gogo!" Sidsel akasema. Akacheka, na kile kicheko kilitoka kibaya, cha puani, kisichokuwa na mpangilio wowote. Maiken akacheka naye mpaka akaketi chini sakafuni, na alipoketi akawa analia, na Sidsel akaketi naye na koti lake lililolowa. Maiken alimweleza yote, ya ngazi na ya mikono na lile wazo la mikono, na ya makaburini, kwamba angeshukuru. Sidsel hakusema, "Si kitu." Alisema, "Ndiyo." Kila baada ya maneno machache, "Ndiyo."

"Troels hajui," Maiken akasema mwisho.

"Atajua leo. Hizo treni zina madereva wengine. Na Kirsten utampigia. Au tutampigia pamoja, tuwe kesi moja, tumpunguzie safari."

"Na wewe duka la mkate."

"Taratibu, jamani. Mtoto hutambaa kwanza." Sidsel akasimama, akamnyoosha Maiken mkono. "Sasa nenda kalale."

"Viggo ataamka sasa hivi."

"Aamke."

"Halali kigari kikisimama."

"Basi nitakisukuma. Miguu ninayo."

"Halafu Bolette anakuja, na nimekualikeni, siwezi kuwaacha na skonzi za..."

"Maiken," Sidsel akasema, kwa sauti inayonyamazisha darasa zima la watoto wa miaka kumi na miwili. "Kalale."

Alivichukua viredio vyote viwili, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akakaa navyo kwenye kiti cha dirishani, anatazama chini uani. Maiken alisimama mlangoni mwa chumba akamwangalia. Akasubiri hofu ije, ile inayomwamsha hata akiwa peke yake nyumbani, inayomfanya asikie kilio ndani ya bomba la maji. Haikuja, au ilikuja ikamkuta Sidsel amekaa pale.

Alijilaza juu ya kitanda na suruali yake ya jinzi, sweta limegeuka tena. Mto ulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Alitaka kukumbuka kama amezima jiko. Hakukumbuka.

Kutoka mbali alisikia mlango ukifunguliwa kwa kishindo na sauti iliyojaa fleti nzima.

"Jamani, meno hayana hata tundu moja, nimepigwa mateke bure! Na hizi ni nini, skonzi za dukani? Leo ni leo! Yuko wapi..."

"Shh," Sidsel akasema. "Kuna mtu amelala."

"Nani, Viggo?"

"Mama yake."

Kisha Maiken alisikia kiatu kimoja kikivuliwa na kuwekwa chini polepole, na cha pili, na Bolette, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akanong'ona, "Nipe kiredio kimoja."